Nani Anaigeuza Kamera ya Ngazini

Inspekta alistaafu polisi miaka minne iliyopita, lakini cheo kilikataa kustaafu naye. Hata muuza mboga wa mtaani kwake alimwita Inspekta. Siku hizi alikuwa na kampuni ndogo ya kukagua majengo na kupanga kamera za ulinzi. Kampuni yenyewe ilikuwa ya watu wawili: yeye, na fundi ambaye pia alikuwa mume wa binti yake. Na kufanya kazi na mkwe, jamani, kunataka moyo.

Alhamisi hiyo, saa tatu asubuhi, walikuwa nje ya jengo la dobi. Fundi alikuwa ameegemeza ngazi yake ya aluminiamu ukutani, ameweka mguu mmoja kwenye kipandio cha kwanza, na hapandi.

"Nini tena, baba?" Inspekta akauliza.

"Mama, naomba usogee kidogo. Siwezi kupita juu ya kichwa cha mama mkwe. Watu watasemaje?"

"Watasema kamera haijafungwa. Panda."

"Basi tazama kule."

Inspekta akashusha pumzi, akageuka, akatazama barabara. Nyuma yake ngazi ililia kwa uzito wa mkwe. Jengo lilikuwa la ghorofa moja, rangi nyeupe, mlango mmoja mbele na mmoja uani. Kamera zilikuwa nne, zote za zamani, na mwenyewe alitaka zibadilishwe zote.

"Haya, hiyo ya mbele inaona nini?"

Fundi alitazama simu aliyoiunganisha na kamera. "Vipara, mama."

"Vipara?"

"Imefungwa juu mno. Anayeingia inampiga picha ya utosi. Mwizi akiwa na kipara, tunaye. Akiwa na nywele, tumwachie Mungu."

Kamera ya ubavuni ilitazama mawio, kwa hiyo tangu saa mbili hadi saa nne kila asubuhi iliona jua na si kingine. Ya uani ilikuwa nyuma ya kamba za kuanikia. "Siku tisa zilizorekodiwa, zote mashuka," fundi akasema. "Nimeyatazama yote. Yanapepea."

Inspekta alitoa chaki mfukoni akaanza kuchora alama ukutani. Alikuwa na sheria zake tatu, na alizirudia kila jengo kana kwamba fundi ni mgeni. Kamera ikae mita mbili na nusu kutoka chini, hapo inaona uso na mkono wa mtu haufiki. Isitazamane na jua. Na kila kamera ionwe na kamera nyingine, ili anayeharibu hii anaswe na ile.

"Na ya nne?" fundi akauliza akishuka.

"Ya nne iko ndani, ghorofani, pale ngazi zinapoishia. Hiyo ndiyo iliyotuleta. Inageuka yenyewe."

"Kamera haigeuki yenyewe, mama."

"Ndiyo maana tumeitwa sisi, hakuitwa mganga."

Mwenye jengo, ambaye mtaa mzima ulimjua kwa jina la Mama Dobi, aliwaingiza katika ofisi yake nyuma ya kaunta akafunga mlango. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu wa mtaa wa pili. Leo alinong'ona.

"Nguo sita kwa wiki saba, Inspekta. Sita! Na mojawapo ni suti ya bwana harusi. Ndoa ni keshokutwa. Jana mama yake alikaa pale kwenye benchi, akalia mpaka nikalia na mimi."

"Unamshuku nani?"

Mama Dobi alitazama mlango kwanza. "Wifi yangu."

Wifi huyo alikuwa dada wa marehemu mume wake. Wafanyakazi wote walimwita Shangazi. Yeye ndiye aliyepokea nguo zilizokwisha kupigwa pasi, akazipandisha ghorofani na kuzitundika zisubiri wenyewe. Dobi waliianza watatu, kwa makarai mawili. Mume akafa. Wakabaki wifi na wifi, miaka ishirini na sita.

"Kaka yake alipokufa, watu walisema mawifi hawa watagawana mpaka pasi," Mama Dobi akasema. "Hatukugawana hata kijiko. Nimekula naye, nimeuguzwa naye. Sasa tazama mwenyewe."

Akaiwasha mashine ya kurekodia. Jumanne, saa saba na dakika kumi mchana. Picha ilionyesha ngazi zikitazamwa kutoka juu. Mwanamke mrefu, mwembamba, akapanda taratibu na gauni mkononi, akapita chini ya kamera, akapotea. Sekunde kumi zikapita. Picha ikatikisika, ikatulia, ikatikisika tena kwa nguvu, kisha ikabaki inatazama ukuta.

"Alhamisi iliyopita ni hivyohivyo, na ndiyo siku suti ilipopotea," Mama Dobi akasema. "Jumanne hii, gauni hilo. Kila kamera ikigeuka, nguo inapotea. Na kila nikimuuliza, jibu lake ni moja. Suti? Sikuiona. Gauni? Sikuliona. Mtu wa miaka ishirini na sita, ananijibu kama shahidi wa mahakamani!"

"Unataka nifanye nini?"

"Niwekee kamera mpya humo ghorofani. Ndogo, asiijue. Imtazame yeye. Nikishaipata picha, leo hiihii namwambia akae nyumbani, asirudi tena." Akautazama mlango tena. "Afadhali nijue moja, Inspekta. Siku hizi nikimtazama hata chai hainishuki."

"Kamera ya kumvizia mtu naifunga baada ya kukosa njia zote. Nipe mpaka saa nane."

"Saa nane, basi. Ikipita hapo namwambia kwa mdomo wangu, picha iwepo isiwepo."

Mama Dobi alipotoka, Inspekta alikaa kwenye kiti chake akairudia picha ya Jumanne mara sita. Fundi alisimama nyuma yake akitafuna ncha ya penseli.

"Mtazame mdomo," Inspekta akasema.

Shangazi alikuwa akipanda, mkono mmoja unapapasa ukuta, midomo inacheza.

"Anasali," fundi akasema. "Na mimi ningekuwa naenda kuiba ningesali."

"Na hapa kamera inapotikisika. Mtu akitaka kuigeuza kamera, anafanyaje?"

"Anaishika, anaigeuza."

"Mara ngapi?"

"Mara moja inatosha."

"Hii imegongwa. Ikatulia. Ikagongwa tena. Twende juu."

Inspekta alipanda akihesabu kimoyomoyo. Vipandio vilikuwa kumi na saba. Ghorofa nzima ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye dirisha upande wa barabara, na nguo zilizokamilika zilining'inia kwenye mabomba mawili ya chuma, moja upande wa kulia na moja upande wa kushoto. Mabomba yalikuwa juu, mtu hafikii. Ukutani iliegemezwa fimbo ndefu yenye ndoana ya chuma ya kupandishia na kushushia henga za nguo. Bomba la kushoto liliishia karibu kabisa na kamera, kiasi cha shubiri moja.

Fundi alipandisha ngazi yake, akakohoa kidogo. Inspekta akageuka akatazama dirisha bila kuambiwa.

"Mama, tumboni mwa kamera kumechubuka. Mikwaruzo mingi. Ina kutu ndani yake."

"Kamera ina kutu?"

"Kamera ni plastiki. Kutu imetoka kwingine. Na waliipaka rangi nyeupe kama ukuta. Mimi mwenyewe nimeitafuta kabla sijaiona."

Inspekta akaichukua fimbo, akaisogeza dirishani, akaitazama ndoana. Ilikuwa imeliwa na kutu, na kwenye ncha yake kulikuwa na unga mweupe wa rangi. Akamwonyesha mkwe wake.

"Basi ni mjanja kuliko nilivyodhani," fundi akasema. "Anatumia fimbo ili mkono usionekane."

"Labda."

"Mama akisema labda, huwa nimekosea."

"Labda," Inspekta akasema tena, akacheka.

Kulikuwa na jambo jingine katika zile siku tisa, nalo liliangukia kamera ya mbele. Jumanne na Alhamisi, saa saba kasoro, kipara kimoja kilichong'aa kiliingia na furushi kwapani. Saa nane kasoro kilitoka na furushi lilelile. Kipara hicho kilikuwa cha mpiga pasi wa pale, Mzee wa Pasi, na Inspekta alimkuta mezani kwake akinyoosha kola.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, Inspekta. Kamera zenu zimeninasa?"

"Zimekinasa kichwa. Furushi lile ni la nini?"

Mzee wa Pasi aliiweka pasi kwenye kiti chake kwa uangalifu mkubwa. Jasho lilimtoka, na si la mvuke.

"Ukimwambia Mama Dobi nimekwisha."

"Nikijua ndiyo nitajua niseme au nisiseme."

"Suruali zangu." Akainamisha kichwa. "Na mashuka ya nyumbani. Mke wangu amegoma. Amesema dobi gani huyu, anafua za mji mzima, za kwake afuliwe! Basi saa ya chakula, Jumanne na Alhamisi, mashine zikiwa huru, natumbukiza zangu."

Inspekta aliuma mdomo asicheke. "Unakaa nazo muda wote?"

"Nakaa nazo palepale. Mashine zile zinavuma, hata ukiniita jina la baba yangu sisikii."

"Na siku nyingine, saa ya chakula unakuwa wapi?"

"Hapa hapa. Nampa Shangazi nguo, namwitia namba na rangi. Mia na kumi, njano! Mia na kumi na moja, nyeupe! Anapenda niite kwa sauti. Anasema ana mambo mengi kichwani."

"Tangu lini?"

Mzee alifikiri. "Tangu zije hizi lebo mpya. Zamani tulishona kitambaa chenye namba kubwa za wino, huhitaji kuitiwa. Mama Dobi akasema tuende na wakati, akaleta hivi vikaratasi. Njano ni ya wiki hii, inaenda bomba la kulia. Nyeupe ni ya mtu aliyeitelekeza nguo miezi mitatu, tunainyoosha upya, inaenda la kushoto."

"Zililetwa lini?"

"Wiki ya saba hii, au ya nane." Akainua pasi, kisha akairudisha. "Inspekta, nisikilize. Yule mama si mwizi. Mimi nina miaka kumi na tisa hapa. Kama mnamtafutia kosa, nifukuzeni mimi na suruali zangu."

"Endelea na kola yako, mzee wangu. Umenisaidia kuliko unavyojua."

Alirudi ofisini akafungua daftari la mapokezi. Nguo sita zilizopotea zote zilikuwa za lebo ya njano. Zote zilipandishwa ghorofani saa ya chakula, Jumanne au Alhamisi, Mzee wa Pasi akiwa kwenye mashine na suruali zake. Inspekta aliandika mistari mitatu kwenye kijitabu chake, akakifunga. Saa ilikuwa saba na dakika tano.

"Fundi, shuka uani, usipande mpaka nikuite. Mama Dobi, niazime koti lako la kazi, ghorofani kuna vumbi."

Koti lilikuwa la bluu, kubwa, linanukia sabuni. Inspekta alilivaa, akapanda, akasimama karibu na dirisha mwanga ukiwa mgongoni mwake.

Shangazi alipanda baada ya dakika kumi, joho jeusi likiwa mkononi. Alipofika juu alisita, akatazama upande wa dirisha, akatabasamu.

"Wifi, kumbe uko huku. Dawa yako ya presha umekunywa?"

Inspekta hakujibu. Walikuwa mbali hatua sita.

"Usinidanganye. Jana nilitia mkono kwenye mkoba wako nikavihesabu vidonge, viko vilevile. Sijui nimekukosea nini siku hizi, hunisemeshi, hunitanii. Kasirika mpaka uchoke, lakini dawa unywe. Ukinifia wewe, mimi humu nitagombana na nani?"

Kwa miaka thelathini ya upolisi Inspekta alikuwa amesikia maungamo mengi, lakini si ya namna hii. Akakohoa.

"Shangazi, si wifi yako. Ni mimi, Inspekta."

Yule mama aliruka kidogo. "Ah! Najua ni wewe. Nilikuwa nakutania."

"Na mimi presha ninayo, asante kwa kunikumbusha."

Shangazi akacheka kwa haraka mno. Akaipapasa fimbo ukutani, akaipata, akaitia joho kwenye ndoana. Aliinua lebo ndogo mpaka ikakaribia kugusa pua, akaitazama, akaigeuza, kisha akaelekea bomba la kushoto. Lebo ilikuwa ya njano. Inspekta aliiona kutoka alipokuwa. Fimbo ikapanda. Ndoana ikagonga kamera, ngo! Ikarudi nyuma, ikagonga tena. Kamera ikageuka ikatazama ukuta.

"Bomba hili nalo," Shangazi akanung'unika, "kila siku linazidi kuwa refu."

Joho likapata mahali pake, katikati ya nguo zilizotelekezwa.

Inspekta akasogea akamshika mkono. "Shangazi, ni macho, sivyo?"

Mama yule aliiegemeza fimbo ukutani kwa kupapasa. Kisha akaketi kwenye stuli.

"Mwaka wa pili huu. Mwanzo ilikuwa kama mvuke wa pasi. Sasa ni kama natazama kupitia mfuko wa nailoni. Namba kubwa nilikuwa nazipata. Hivi vikaratasi vimenimaliza. Njano na nyeupe ni mtu na pacha wake."

"Na ngazi?"

"Kumi na saba. Nahesabu."

"Mbona hukumwambia?"

"Nimwambie ili anijibu nikapumzike?" Sauti ilimpanda. "Inspekta, mimi sina mume, sina mtoto. Nina kazi hii na yule mwanamke. Mtu akikwambia nenda kapumzike, hiyo ni barua ya kukufukuza iliyopigwa pasi tu."

Inspekta akaenda kwenye bomba la kushoto. Akashusha joho kwanza, kisha akaanza kufungua mifuko ya nailoni mmoja mmoja, akisoma lebo. Dakika kumi na tano baadaye juu ya meza kulikuwa na nguo sita za lebo ya njano, safi, zimenyooshwa barabara. Suti ya bwana harusi ilikuwa na ua la kitambaa kifuani.

Shangazi alizipapasa. Alipofika kwenye ile suti akalijua ua kwa kidole, akaweka mkono mdomoni. "Zote nimezificha mimi?"

"Hukuzificha. Ulizitundika."

"Usimwambie, Inspekta. Nakuomba. Sema umezikuta."

"Nisipomwambia hili, atabaki na lile alilonalo."

"Lipi?"

Kabla Inspekta hajajibu, ngazi zililia. Mama Dobi alikuwa anapanda, na saa ukutani ilikuwa nane kasoro dakika tano.

Aliingia akihema, akamwona wifi yake kwenye stuli, akaona nguo mezani. Uso ulimbadilika mara tatu. "Kwa hiyo zilikuwa hapahapa."

"Bomba la kushoto," Inspekta akasema, "kwenye nguo zilizotelekezwa, ambako hakuna anayefungua. Hakuna mwizi, Mama Dobi. Kamera inageuzwa na ndoana ya ile fimbo. Anayeishika haioni kamera. Wala haoni kama lebo ni ya njano au nyeupe, isipokuwa Mzee wa Pasi amwitie. Jumanne na Alhamisi saa ya chakula Mzee wa Pasi hayupo pale mezani."

"Yuko wapi?"

"Hilo ni kati yake na mkewe. Niambie, wifi yako alikujibu nini kila ulipomuuliza?"

"Sikuiona."

"Nimehoji wezi miaka thelathini. Mwizi husema sikuchukua. Huyu hakusema hivyo hata siku moja. Ulimuuliza mara sita, na mara zote sita akakwambia ukweli."

Mama Dobi alisogea kwenye stuli. Alimtazama wifi yake, na safari hii alimtazama kweli, kwa karibu, machoni, pale palipotanda utando mweupe kama wa maziwa yaliyopoa.

Lakini Shangazi alikuwa amekwama nyuma kidogo. "Subirini kwanza. Mwizi? Kwani mlidhani nimeziiba?"

Barabarani mtu alipiga honi, akajibiwa.

"Wifi?"

Inspekta alijua watu wangapi wangesema hapana mahali kama hapo. Uongo mdogo, wa heri, na maisha yakaendelea. Hakusaidia upande wowote.

"Ndiyo," Mama Dobi akasema. "Nilidhani ni wewe. Nilimwita Inspekta akuwekee kamera ya siri. Na leo saa nane nilikuwa nikwambie usirudi tena hapa." Akaketi sakafuni, mwanamke mzima, akaegemea mguu wa meza. "Sema lolote unalotaka kusema. Sema tu."

Shangazi alikunja kona ya aproni yake, akaikunjua, akaikunja. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Suti ya bwana harusi?" akasema mwishowe. "Hebu niambie, wifi. Ningeivaa wapi mimi?"

Mama Dobi alicheka kabla hajajizuia, kisha kicheko kikageuka kilio, na hapo sauti yake ya mtaa wa pili ikarudi yote. Shangazi alimfuata sakafuni kwa kupapasa. Wakashikana. Kila mmoja alikuwa akisema nisamehe, nisamehe wewe, na haikujulikana nani anaanza na nani anajibu.

Inspekta alisogea dirishani, akavua koti la bluu, akalikunja taratibu kuliko lilivyohitaji.

"Mama!" fundi akaita kutoka chini. "Nimemaliza za nje. Ya mbele sasa inaona nyuso! Hii ya ndani niifunge wapi?"

Inspekta alimtazama Mama Dobi. Mama Dobi alifuta pua kwa mkono.

"Itoe. Kaifunge kaunta, itazame mlango. Huku juu hakuna mtu wa kutazamwa." Kisha kwa wifi yake, kwa ukali wa kuficha aibu: "Na hivi vikaratasi vya rangi leo nachoma vyote. Tunarudi kwenye namba kubwa. Kubwa kama sahani."

"Ulisema tuende na wakati."

"Wakati utatusubiri. Na kesho asubuhi tunakwenda hospitali ya macho, mimi na wewe."

Shangazi aliuachia mkono wake. "Watanipasua."

"Kama ni mtoto wa jicho wanamtoa, unarudi unaona mpaka madoa ya watu. Jirani yangu alitolewa."

"Na wakisema hayaponi?"

Mama Dobi aliinuka kwa kushika meza, akamvuta na yeye akainuka. "Jumatatu nakupitia kwako saa moja na nusu asubuhi, tuje kazini."

"Nimekuuliza, wifi. Wakisema hayaponi?"

"Nimekusikia. Saa moja na nusu, na usinicheleweshe, tuna mashuka."